Mabaki Ya Kitambaa Ni Ya Nani?



Dada wengi waliofika nyumbani kwetu Nyamirambo, hapa Kigali, wametuomba tuwaelekeze namna tunavyoshona blanketi za viraka. Tumechelewa kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi. Ya pili ni kwamba hatuwezi kueleza ushonaji huo bila kueleza pia jambo la aibu tulilolifanya, na aibu hiyo ni yetu sisi mabinti watatu, si ya mama yetu. Tulikaa tukashauriana, na mama mwenyewe ndiye aliyesema: andikeni yote.

Mama yetu ni fundi cherehani. Anashona magauni, sare za madrasa, kanzu za watoto na mapazia, na kila msimu wa Idi nyumba yetu hujaa watu mpaka uani. Chini ya meza yake kulikuwa na magunia mawili ya mabaki: vipande vya vitenge, vya pamba nyeupe, vya khaki, vyembamba na vipana, vilivyokatwa kwa mviringo wa shingo au mshazari wa mkono wa gauni. Sisi tumekua tukilala juu ya magunia hayo. Hatukuwahi kujiuliza vilivyomo ni vya nani.

Mwaka 2016 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Watu wengi walizungumza juu ya mashati na suruali, lakini kwetu tulilolihisi ni blanketi. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 mtoto mdogo anahitaji kufunikwa vizuri. Blanketi nzito za mitumba tulizozoea kununua kwa bei ndogo zikawa hazishikiki.

Mwaka uliofuata wifi yetu, mke wa kaka yetu mkubwa, alirudi kutoka Marekani alikokaa miaka 6. Alikuja na blanketi moja la viraka aliloshona mwenyewe, akifundishwa na bibi kizee jirani yake. Tulipolitandaza kitandani mama alilipindua upande wa chini kwanza, akakagua mishono, kisha ndipo akatazama rangi. Ndivyo mafundi walivyo.

Mtindo wa blanketi lile Wamarekani wanauita Log Cabin, yaani kibanda cha magogo, na ulienea sana kwao kuanzia miaka ya 1860. Katikati pana mraba mdogo, mara nyingi mwekundu, ambao husemwa kuwa ni moto wa jikoni. Kuuzunguka mraba huo unashona vipande virefu vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama magogo yanavyopandwa kujenga ukuta. Pande mbili zinazofuatana ziwe za rangi iliyokoza, na pande mbili nyingine ziwe za rangi hafifu. Mraba ukiisha unaonekana umegawanyika kwa mshazari, nusu kivuli na nusu jua. Uzuri wote uko hapo, kwa sababu ukishaipanga miraba mingi pamoja unaweza kupata almasi, au njia za mshazari, au viwanja, bila kubadili mshono hata mmoja. Sisi tulichagua mpango wa njia za mshazari. Wenyewe wanaufananisha na mifereji ya jembe shambani, na kwetu ulifanana na matuta ya milima tunayoiona tukisimama mlangoni.

Sasa vipimo, kwa anayetaka kujaribu. Mraba wa katikati tunaukata sentimita 6, na vipande vya kuzungusha tunavikata upana wa sentimita 4. Wifi alitufundisha kuacha ukingo wa mshono mwembamba kama walivyo mafundi wa kule, kiasi cha milimita 6. Mama alikataa. Alisema kitenge chetu kinafumuka, na blanketi litafuliwa kwa mikono na kukamuliwa, basi ukingo uwe sentimita 1 kamili. Walibishana siku mbili, kwa adabu, na mama akashinda kwa kuwa cherehani ni yake. Kwa hiyo mraba wa kati unabaki sentimita 4 na kila kipande sentimita 2. Ukizungusha mara 4 unapata mraba wa sentimita 20. Miraba 80, yaani 8 kwa 10, inatosha kitanda kidogo. Kila mraba una vipande 17, basi hesabu yake ni vipande 1,360. Tunawatajia hesabu hii mapema ili mtu asianze kwa pupa akaachia njiani.

Kila mraba tunaushonea juu ya kipande cha amerikani cha sentimita 22. Tunachora kwa kalamu ya risasi mistari miwili ya mshazari, na pale inapokutana ndipo mraba wa kati unapokaa. Msingi huo unasaidia sana kwa sababu vipande vya gunia havilingani: kimoja kizito, kimoja chepesi, kimoja kimekatwa mshazari na kinavutika. Tulipojaribu bila msingi miraba 12 ya mwanzo ilitoka mingine sentimita 19 na mingine 21, na hakuna pasi inayoweza kutibu hilo. (Jina amerikani lenyewe lina historia. Katika karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hicho Zanzibar, na misafara ikakibeba bara. Wifi alicheka aliposikia kwamba tunashona mtindo wa Kimarekani juu ya kitambaa ambacho babu zetu walikiita kwa jina hilo hilo.)

Jambo lililotusumbua ni kutambua kipi kimekoza na kipi hafifu. Kitenge kimoja kinaweza kuwa na buluu nzito, njano na nyeupe kwa pamoja. Dawa yake ni kukikata kwanza, kisha kukiweka ukutani, kurudi nyuma hatua tano na kukitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu. Kitenge kimoja kilichokatwa sehemu mbili kinaweza kuwa jua huku na kivuli kule. Pia vipande vyote vifuliwe kabla. Kisugue kila kimoja kwa tambara jeupe lililolowa, na kikitoa rangi kiweke kando. Satini na vitambaa vya kumetameta msivitie, havipatani na pasi.

Miraba ikishaunganishwa tunaitandaza juu ya blanketi kuukuu, chini yake shuka, kisha tunafunga mafundo ya uzi mzito kila pembe ya mraba. Hatupitishi mishono juu yake, kwa sababu tabaka ni nyingi na sindano za cherehani zinavunjika. Mwisho tunapinda ukingo. Basi, ushonaji wenyewe ndio huo.

Baadhi ya watu walituuliza kama si unyonge kumfunika mtoto viraka. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Na huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Masidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, na baadhi yao ni Waislamu. Wanawake wao hushona kwa mkono blanketi za viraka vya nguo kuukuu wanazoziita kawandi. Wao huanza pembeni na kuzunguka wakiingia ndani mpaka wafike katikati, kinyume kabisa na mtindo huu wetu. Hakuna anayewaonea haya.

Tulianza blanketi la kwanza mwaka 2018. Tukashona polepole, na ilipofika mwanzoni mwa 2019 tukajua wifi ni mjamzito. Hapo tukataka liishe kabla ya akika. Tulikuwa tumebakiwa na miraba 15 na hatuna tena rangi nzito. Magunia yote mawili tulikuwa tumeshayapekua.

Juu ya rafu ya mama palikuwa na kitenge cha buluu chenye mbayuwayu, kimekunjwa, hakifiki mita moja. Kilikuwa na karatasi iliyobanwa kwa pini, na juu yake jina la mteja, jirani yetu wa mtaa wa pili. Kusema kweli karatasi tuliiona. Mmoja wetu ndiye aliyechomoa pini, lakini wote watatu tulikuwepo na wote tuliukubali uongo tuliojiambia: kwamba ni mabaki tu, kwamba gauni lake alishachukua, kwamba mama atakuwa amesahau. Tukakikata vipande vya sentimita 4. Kilitosha miraba yote 15.

Baada ya wiki mbili mama yule alikuja kuulizia kitambaa kilichobaki, anataka kilemba cha kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Mama alitafuta kwenye rafu, akatafuta chini ya meza, akatafuta hata kwenye kabati la vyombo. Mwisho akamwambia, "Nisamehe mama mwenzangu, naona kitambaa kiliisha chote kwenye gauni." Sisi tulikuwa nyuma ya pazia tunasikia. Tungeweza kutoka. Hatukutoka.

Siku ya akika nyumba ilijaa. Mtoto alipitishwa mikononi mwa wageni akiwa amefunikwa lile blanketi, na kila mtu alilisifu. Lilipomfikia jirani yetu alimshika mtoto vizuri, akamwombea dua, kisha tukamwona anapitisha kidole juu ya mraba mmoja, kipande kimoja kimoja, mpaka kikasimama. Alimrudisha mtoto kwa wifi. Akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Mama fundi, kilemba changu hiki hapa." Akaondoka. Sahani yake ya pilau ilibaki pale mkekani haijaguswa.

Mama hakujua la kusema. Alidhani kweli kakosea hesabu yeye. Usiku, baada ya swala ya isha, tulimwambia.

Hakupiga kelele. Tungependa angepiga. Alituuliza jambo moja tu: karatasi mliiona? Tukasema ndiyo. Asubuhi yake hakufungua cherehani. Alituamrisha tumwage magunia yote mawili mkekani na tukae naye kuchambua, na kila kipande anachokumbuka mwenyewe tukiweke peke yake. Mama ana kumbukumbu ya ajabu ya vitambaa. Alikumbuka karibu theluthi moja ya vyote, akamkumbuka hata mteja aliyehamia Bukavu.

Kisha akaenda kwa shekhe kuuliza. Jibu alilopewa tunalieleza kama alivyotueleza. Kitambaa anachopewa fundi ni amana, na kinachobaki bado ni mali ya mwenye kitambaa. Vipande vidogo ambavyo kwa desturi ya watu huachwa na hakuna anayevidai havina tatizo. Lakini kipande kinachofaa kitu, hata kilemba cha mtoto, fundi hana ruhusa nacho mpaka mwenyewe aseme chukua. Akamkumbusha Suratun Nisaa, aya ya 58, ambayo mama anaijua kwa moyo tangu utotoni na hakuwahi kuifikiria pamoja na magunia yake.

Wiki tatu tulizunguka majumbani na mafungu ya vipande. Wengi walicheka wakasema tubaki navyo. Wengine walivichukua, na mmoja alituuliza kwa nini tumeleta sasa wakati amekuwa mteja miaka 10. Hatukuwa na jibu zuri. Wateja kadhaa walihama, kwa sababu habari ya akika ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, na kila mwenye kisa chake cha kitambaa "kilichoisha" alikikumbuka. Mama alikuwa akipita sokoni anaona watu wananyamaza. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Kosa tulitenda sisi, na jina lililochafuka ni lake.

Nyumbani kwa jirani yetu tulienda mara mbili. Mara ya kwanza tuliomba radhi, akasema amesamehe. Lakini kusamehe ni jambo moja na kuleta kitambaa ni jambo lingine, na kitambaa hakuleta. Mara ya pili tulimpelekea kitenge kipya. Tulikuwa tumezunguka masoko ya Nyamirambo, Kimironko na Nyabugogo tukitafuta mbayuwayu wale wale. Tuliwapata, lakini juu ya njano. Akakitazama akatuambia, "Njano sivai," akaturudishia na kutukaribisha chai.

Tangu wakati huo mama ana utaratibu. Mifuko ya plastiki hapa kwetu ilipigwa marufuku mwaka 2008, basi tunatumia bahasha za khaki. Nguo ikiisha, mabaki yote yanaingia kwenye bahasha na kukabidhiwa mwenyewe pamoja na nguo. Akisema hataki, anaandika jina juu yake, "nimeruhusu," na hiyo ndiyo tunayoishonea. Magunia yamekwisha, tuna sanduku moja tu na halijai. Mwezi wa 4 mwaka 2020, tulipokuwa tumefungiwa majumbani kwa corona na barakoa zikatakiwa, lile sanduku lilikuwa tupu kabisa na ilibidi tununue kitambaa kizima. Tulinung'unika. Mama hakutujibu.

Wifi alituhadithia habari za wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama kilichozungukwa na mto pande tatu. Walikuwa masikini sana, wakashona blanketi kwa nguo zilizochakaa shambani. Mtindo wao wanaoupenda ni ndugu wa huu wetu, nao wanauita paa la nyumba. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alikusanya nguo zake za kazi, akazikata na binti yake, akashona blanketi apate kujifunika kumbukumbu yake. Habari hiyo tuliihadithia watu wengi waliokuja kutazama kazi zetu. Hatukujua kuwa ilifika mtaa wa pili.

Mwaka 2022 jirani yetu alifiwa na mama yake mzazi. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Tulikwenda kwenye msiba kama majirani, tukapika, tukarudi. Miezi mitatu baadaye alikuja kwetu na sanduku la nguo za marehemu: kanga, vitenge, gauni moja la Idi. Mama kabla hajaligusa aliuliza, "Na ndugu zako?" maana nguo za maiti ni mirathi kama ilivyo nyumba na shamba. Jirani akatoa karatasi mkobani. Walikuwa ndugu watano, wanne wametia sahihi, na wa tano, anayekaa Bujumbura, alikuwa ametuma ujumbe kwa simu, akatuonyesha. Nadhani mnaelewa tulivyojisikia kuona karatasi yenye majina, na pini juu yake.

Kanga zilikuwa zimechakaa mpaka unaona mkono upande wa pili, lakini msingi wa amerikani ulizishika. Kanga moja nyekundu tuliikata miraba ya kati yote 80. Yeye mwenyewe alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kiti cha wateja na kutuambia hii alivaa wapi, hii alinunuliwa na nani. Baadhi ya jioni alilia. Nyingine alitukosoa: kipande hiki kimekaa kombo, fumueni. Tulifumua.

Kazi ilipokwisha tulipima mabaki mbele yake kwenye mzani mdogo wa jikoni, yakawa gramu 640. Tukayatia kwenye bahasha tatu, hata nyuzi. Akatia sahihi kwenye daftari, akabeba bahasha zote na blanketi lake, akaenda. Wiki iliyofuata alileta mita 6 za kitenge kipya, gauni na kilemba.

Kwa dada wanaotaka kujifunza, tunakutana nyumbani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda na swala ya adhuhuri. Mkasi na pasi vipo. Vipande kila mtu aje na vyake.